Dungu Lililoangalia Barabara

Siku ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, ni ile Bi Somoe aliposimama chini ya dungu langu, mikono kiunoni, akaniuliza tangu lini gari likala mahindi.

Nitakueleza alikuwa na maana gani, lakini kwanza kaa. Kaa vizuri, na hiyo simu uilaze kifudifudi. Mkeo alikuja kwangu jana, wala usimkasirikie, maana alikuja kwa mapenzi. Anasema tangu mlipopanda huku kutoka Maparoni, maji yalipochukua mpunga wenu na nyumba, hulali. Unaamka kutazama mlango, unaamka kutazama simu. Mtu akipiga hodi unaruka. Chakula unakigusa tu na kukisukuma. Na jembe nililokuazima nimeliona mwenyewe, liko pale pale nilipoliegemeza. Sikukuita nikugombeze. Nimekuita kwa sababu ugonjwa huo naujua kwa jina na kwa ukoo, niliwahi kukaa nao nyumba moja.

Nilikuwa kijana kama wewe, nguvu tele na ndevu ndiyo kwanza zinashika. Mke wangu Mwajabu, Mungu amrehemu, alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, Hamisi. Tulikaa bondeni, jirani kabisa na mto, walipokaa baba na babu zangu. Mto ukipanda, nasi tunapanda juu ya dungu. Ukishuka, tunashuka na kulima mlao, tunapanda mahindi kwenye unyevu uleule uliobaki. Dungu unalijua, hata kama siku hizi mnajenga mabovu. Miguu mirefu ya miti, sakafu ya fito, paa la nyasi, ngazi ya kupandia. Juu yake unalinda shamba ndege na ngedere wasilimalize, na mafuriko yakija unaishi humo humo na kuku wako mpaka maji yaondoke. Mimi nilizaliwa juu ya dungu. Mama yangu alikuwa akinitania kwamba ndiyo maana sisikii la mtu aliye chini.

Ukaja mwaka wa mafuriko makubwa, na baada yake ikaja amri. Watu wa bondeni wote wahamie huku juu, wakae vijijini. Sitaki kuingiza siasa hapa. Waliotuhamisha walikuwa na sababu zao, na shule na zahanati tulizipata kweli. Nakueleza tu ilivyokuwa kwa mtu aliyehamishwa. Lori lilikuja asubuhi, na adhuhuri nilikuwa nimekaa juu ya kitanda changu mwenyewe, katikati ya pori hapa Mtunda, mke wangu amekaa juu ya kinu, mtoto analia, na lori limekwisha kwenda kufuata wengine. Huo ndio ulikuwa mji wetu. Kitanda na kinu.

Wiki za mwanzo nilikuwa mzima, na hili ulisikilize vizuri. Nilikata miti, nikasimamisha nyumba, nikachimba choo, nikacheka na watu. Hofu haikuja siku ya lori. Ilikuja baadaye, mambo yalipoanza kutulia, na ndiyo maana mtu hujiona mwendawazimu. Anajiuliza, mbona sikuogopa siku ile, naja kuogopa leo nimekaa kivulini nakula muhogo?

Kwangu ilianzia kwenye sauti ya gari. Gari likipita barabarani, hata liwe la mwalimu, moyo unakwenda mbio, viganja vinaloa jasho. Nikashindwa kulala. Nikawa mtu wa kwenda kila jioni kwenye duka la pale njia panda, ambako watu walikuwa wakikusanya habari. Mmoja kasikia Ikwiriri kwamba tutahamishwa tena. Mwingine kasikia kwamba sisi wa mstari wa nyumba za barabarani ndio tutakaoanza. Wa tatu hajasikia kitu, lakini anaongeza chumvi asionekane mgeni. Sikukosa hata jioni moja. Nilidhani nikijua kila linalosemwa nitatulia. Wapi! Kila nililolisikia lilirudi nyumbani pamoja nami, likalala kati yangu na Mwajabu.

Basi nikafanya jambo ambalo asiyekuwa mtu wa bondeni hawezi hata kulifikiria. Nikajenga dungu. Hapa juu, mwanangu, kwenye mchanga mkavu huu, ambapo tangu dunia kuumbwa mto haujawahi kukanyaga. Mwili wangu ulijua mahali pamoja tu pa salama, nao ulikuwa juu ya miti mirefu. Nikalijenga refu kuliko yote niliyowahi kujenga, na uwazi wake nikauelekeza barabarani, ili lori likija niwe wa kwanza kuliona. Asubuhi nikishakunywa uji napanda, na nikishapanda navuta ngazi juu.

Watu walivunjika mbavu. Wakaniita Safina. Wakipita na majembe yao wananisalimu, "Nahodha, maji yamefika wapi?" Nami najifanya kucheka, huku macho yako barabarani.

Mwajabu hakucheka. Alikuja siku moja na mtoto mgongoni, akasimama pale chini.

"Baba Hamisi, yanga inakwisha."

Yanga ndio ule unga wa njano wa msaada tuliokuwa tukigawiwa. Nikamwambia naona.

"Huoni. Ungekuwa unaona ungeshuka. Wenzetu wanafyeka, masika hayako mbali. Mimi mtoto nitamnyonyesha nini?"

Nikamjibu, "Tulime ili wengine wale? Watatuhamisha kabla mahindi hayajaota."

Akasema, taratibu kabisa, bila hata kupandisha sauti, "Mvua ya kwanza ikinyesha hatujafyeka, mimi nakwenda kwa baba yangu kule Dimani na mwanangu. Sikutishi, mume wangu. Nakwambia ili usije ukasema sikukwambia." Na Mwajabu hakuwa mtu wa kusema jambo halafu asilifanye. Nilijua kabisa kwamba kwa hofu ya kupoteza nyumba naelekea kuwapoteza walio ndani ya nyumba, na bado sikushuka. Huo ndio ubaya wa kitu hiki. Unaona shimo, na miguu inaendelea kwenda.

Sasa Bi Somoe. Alikuwa jirani yetu wa nyuma, mjane wa Kimatumbi aliyehamishwa naye kutoka vilimani kusini. Mfupi, mkavu, na sauti yake ilikuwa ikisikika mpaka kisimani. Hatukuwa tumezoeana naye, maana sisi wa bondeni tulikuwa tukijiona watu wa mto na wao tukiwaona watu wa mawe, ujinga mtupu. Asubuhi ile alikuja akakuta kundi la vijana limesimama palepale likinitania.

"We kijana! Hilo dungu la kulinda nini?"

"La kulinda tu, Bibi."

"Kulinda nini? Mbona limetazama barabarani? Tangu lini gari likala mahindi?"

Wale vijana wakacheka mpaka wakashikana mabega. Yeye hakucheka nao. Aliwageukia akawauliza kama hawana mashamba, na walipokwisha kutawanyika akanitazama tena. "Teremsha ngazi," akasema. Nikateremsha. Mtu wa umri wake akikuamuru, unafanya, na mimi nilikuwa bado na adabu hata kama akili ilikuwa imetetereka.

Akapanda huku anahema, akakaa kwenye fito, akatazama barabara muda mrefu kama anayetafuta kitu alichokidondosha. Kisha akaniuliza ninaogopa nini. Nikasema siogopi kitu. Akasema, "Sema. Hapa hatusikiwi na mtu." Nikasema, lori. Neno hilo moja lilipotoka, mengine yakalifuata. Nikamweleza usingizi, moyo, duka la njia panda, Mwajabu na Dimani. Nikalia, mwanangu. Mwanamume na ndevu zangu, nililia mbele ya mama wa watu ambaye hata jina la ukoo wake sikulijua. Na sijawahi kuona haya kwa machozi yale.

Bi Somoe hakuniambia nisiogope. Nataka ulishike hilo, kwa sababu kila mtu anakwambia usiogope, na naona unavyochoka kuambiwa. Alisema, "Hata mimi lori naliogopa, limenitoa kwenye makaburi ya wanangu. Lakini nyuma ya dungu lako kuna mahindi yangu ya vuli, na ngedere wanayavuna kabla yangu. Mimi magoti sina. Wewe macho unayo na hulali. Geuza mlango."

Nikamwambia, "Nikigeuza, lori likija sitaliona."

"Utalisikia. Lori halinyatii mtu. Na likija, nitakuja mwenyewe kukwambia, nakuahidi. Kuanzia leo hiyo kazi ya kungoja lori naichukua mimi."

Siku ile ile nilibandua fito za nyuma nikazihamishia mbele. Kazi ndogo, ilimalizika kabla ya adhuhuri, lakini niliifanya kama mtu anayebomoa msikiti. Barabara ikawa mgongoni kwangu. Mbele yangu yakawa mahindi ya Bi Somoe, yamekomaa, na ngedere wamekaa juu ya mti pembeni wananitathmini.

Bondeni tulikuwa na desturi moja, nadhani hata kwenu mnayo. Mtu aliye kwenye dungu hapigi kelele za kufukuza wanyama tu. Kila baada ya muda anaita, na mwenzake wa dungu la jirani anaitikia, naye anaita wa mbele yake, na sauti inapokezanwa hivyo mpaka inapotelea mbali. Hapo unajua fulani yupo mzima, hajaumwa na nyoka, hajazidiwa na homa. Tangu nihamishwe sikuwa nimeita. Sasa ngedere waliposhuka, nikapiga debe na nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote, na kwa mazoea tu nikanyamaza kusubiri jibu.

Kimya. Kimya kile kiliniuma kuliko lori. Hapo ndipo nilipoelewa nilikuwa nalilia nini muda wote ule. Nyumba nilikwisha kujenga nyingine. Watu wa kuniitikia ndio sikuwa nao.

Mara nikasikia mchi unawekwa chini kule uani kwa Bi Somoe, na sauti yake hiyo inakuja, "Unasemaje wewe?"

Nikacheka. Nilicheka kwa mara ya kwanza bila kujilazimisha. Nikamwambia, "Bibi, ukisikia hivyo, itikia tu!"

"Niitikie nini?"

"Chochote!"

Akafikiri kidogo, kisha akapiga kelele, "Tupo!"

Basi ikawa hivyo. Mimi naita, yeye anajibu tupo. Siku ya pili watoto wa nyumba ya tatu wakadakia. Siku zilivyokwenda mwanamke mmoja wa Kindengereko, aliyekuwa hajazungumza na mtu tangu ashushwe kwenye lori, akaanza kuitikia kwa mlio wa kwao, na kwa mlio ule tukamjua ametokea upande gani wa mto. Mwajabu naye akaitikia, kwanza kwa mzaha, halafu kwa dhati. Hata wale walioniita Safina walikuja kuniomba niwasaidie kujenga madungu yao, maana ngedere hawakuwa wa Bi Somoe peke yake. Nikawapangia zamu. Ngazi ikabaki chini mchana kutwa kwa sababu kila saa kulikuwa na mtu anapanda au anashuka.

Usidhani nilipona siku hiyo. Moyo uliendelea kwenda mbio gari likipita, na zipo siku niligeuka kutazama. Lakini mtu aliyeshinda juani anapaza sauti na kukimbiza ngedere, jioni mwili wake unadai haki yake. Nikaanza kusinzia kabla sijamaliza kula. Na dukani Bi Somoe alinikataza kwenda kila jioni. Aliniambia niende Ijumaa baada ya sala, nimuulize mwenyekiti wa kijiji, mtu mmoja anayejua, kisha nirudi nyumbani. Ajabu ni kwamba habari za wiki nzima zilikuwa zikiisha kwa maneno mawili, maana mengi yaliyosemwa Jumatatu yalikuwa yamekufa yenyewe kufikia Alhamisi.

Tukafyeka, mimi na Mwajabu, mtoto tumemlaza kwenye kanga. Mvua ya kwanza ilitukuta tumemaliza. Mwajabu alisimama mlangoni akaitazama inavyonyesha, hakutaja Dimani, na mimi sikumkumbusha. Tulipanda mahindi, na pembeni nikachomeka mihogo. Mtu anayechomeka mihogo amekubali kukaa.

Na lori likaja.

Ndiyo, lilikuja. Mahindi yetu yamefika kiunoni, asubuhi moja nikasikia linanguruma, na mara Bi Somoe huyo, anakuja mbio na magoti yake mabovu. "Nilikuahidi," akasema, "limekuja." Walishuka watu na kamba za kupimia. Mstari wa barabarani usogezwe ng'ambo ya pili ya barabara, na pale tulipokuwa patajengwa shule. Nyumba yetu ilikuwa ndani ya kipimo chao. Yale yale niliyoyaogopa mchana na usiku yalisimama mbele yangu, yamevaa kofia, yanaomba maji ya kunywa.

Nilingoja nianguke. Kisha nikamsikia Mwajabu ananiuliza, "Mlango tunautoa mzima au tunaubomoa?" Nikamjibu tuutoe mzima. Baada ya swali hilo likaja la paa, baada ya la paa likaja la kuku. Wale vijana wa Safina walikuja bila kuitwa, wakalibeba paa letu vichwani, zima zima, wakiimba upuuzi wao. Mashamba hayakuguswa. Dungu halikuguswa. Kufikia alasiri nguzo zilikuwa zimesimama upande wa pili, Bi Somoe ametupikia, na usiku ule chini ya paa lisilo na kuta nililala mpaka mke wangu akaniamsha nisali alfajiri.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana hapa ndipo nilipokuwa nakupeleka. Sikuambii maji hayatarudi. Sikuambii hutahama tena. Mimi si mtabiri, na umekwisha kuona mto unavyoweza. Ninachokwambia, tena kwa uhakika wa mtu aliyepita njia hiyo, ni kwamba jambo likija unaweza kulibeba, na utalibeba vizuri zaidi ukiacha kulibeba kila siku kabla halijaja.

Hiyo simu yako imetazama barabarani. Makundi yale ya habari, sauti zile za watu usiowajua wanaosema bwawa limefunguliwa, sijui watu wanahamishwa tena, ndiyo duka langu la njia panda, ila lako unalala nalo kitandani. Chagua wakati mmoja tu wa mchana. Muulize mtu anayejua, halafu funga. Hofu yako itaje kwa mtu mzima mwenye kifua, itoke mdomoni, usimwachie mkeo peke yake mzigo wa kuikisia. Kula hata kama hutaki. Sali, na ukimaliza kusali shika kazi ya mikono, hasa inayomfaa mtu mwingine, kwa sababu kazi ya kujifaa mwenyewe unaweza kuiahirisha, ya jirani atakuja kukuuliza. Na ukifanya yote hayo mwili ukakataa kabisa, twende kituo cha afya, nitakusindikiza. Moyo nao unaugua kama kichwa kinavyouma, na hakuna aibu kuutafutia dawa.

Na wajue majirani. Hapa kuna wa Dimani, wa vilimani, wa delta, wote wamekuja na yao. Umekaa mwezi mzima na hujui mama wa nyumba ya pili anaitwa nani. Anaitwa Bi Zaina, na shamba lake la mpunga wa juu linaliwa na ndege kila asubuhi. Nimemwambia utafika kesho.

Nenda sasa, mkeo anakungoja. Mwenyezi Mungu akurudishie usingizi na hamu ya kula, akukuzie mwanao, akutilie baraka katika kila utakachokichomeka ardhini. Na lile unaloliogopa, kama limeandikwa kuja, basi lije likukute una kazi mkononi na watu wamekuzunguka. Amina.